Christian Cole, Wakili Aliyekuja Kufia Unguja

Mwaka 1885 alikufa Unguja, kwa ndui, wakili wa miaka 33 aitwaye Christian Frederick Cole. Hakuwa Mzungu, hakuwa Mhindi, hakuwa Mwarabu, na wala hakuwa mtu wa mwambao. Alizaliwa Waterloo, Sierra Leone, mwaka 1852. Alisoma Oxford akatoka na shahada, na mwaka 1883 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya kazi ya uwakili katika mahakama za Uingereza. Miaka miwili tu baadaye kisa chake kikaishia hapa kwetu.

Oktoba 2017 chuo alichosoma, University College, kilimwekea bamba la kumbukumbu kwenye kichochoro kiitwacho Logic Lane. Kabla ya hapo mwandishi Pamela Roberts alikuwa amempa nafasi katika kitabu chake cha 2013 kuhusu wasomi weusi wa Oxford. Kwa hiyo kule anajulikana, walau kidogo. Huku nimewauliza wanasheria, walimu wa historia, hata mzee mmoja wa Mji Mkongwe ambaye ukimtajia nyumba yoyote anakwambia ilijengwa na nani na iliuzwa kwa deni gani. Jibu limekuwa lile lile: "Nani?"

Basi nikaamua kumfuata kwa njia wanayotumia watu wanaotafuta koo zao: rejista za ubatizo, sensa, vitabu vya majina ya wanafunzi na mawakili, hati za vifo. Siku hizi sehemu kubwa ya hayo iko kwenye intaneti, na mwandishi wa habari mwenye bando na subira anaweza kukaa usiku kucha akifungua karatasi za karne ya 19 kama anayepekua kasha la bibi yake.

Kikwazo cha kwanza ni jina lenyewe. Ukiandika Christian katika rejista za zamani za Uskochi unaletewa wanawake, maana kule lilikuwa jina la kike la kawaida kabisa. Ukiongeza Cole unapata wakulima na mabaharia wa Kiingereza wasio na hesabu. Hao unaweza kuwaondoa mmoja mmoja. Kazi inakuja pale unapovuka bahari kwenda Freetown, kwa sababu huko Cole ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea kuliko yote. Na halikuenea kwa kuzaana peke yake.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Kuanzia mwaka 1808 manowari za Uingereza zilikuwa zikizikamata meli za watumwa katika Atlantiki na kuzipeleka Freetown. Waliokutwa ndani walishushwa, wakahesabiwa, wakaandikwa. Hadi miaka ya 1860 walioshushwa pale walikaribia laki moja. Rejista zao bado zipo Freetown, na nyingi zimepigwa picha na kuwekwa wazi kwa mtu yeyote. Kila ukurasa una safu: namba, jina, jinsia, umri, urefu kwa futi na inchi, kisha alama za mwilini, yaani chale, makovu, masikio yaliyotobolewa. Karani Mwingereza alisikiliza jina la Kiyoruba, la Kiigbo, la Kihausa au la lugha ambayo hajawahi kuisikia maishani, akaliandika kadiri sikio lake lilivyoweza. Kuna mradi wa wanahistoria uliokusanya majina ya namna hii zaidi ya 90,000 kutoka Freetown na Havana, yakasomwa kwa sauti na kurekodiwa, ili mtu yeyote aliyeko Lagos au Luanda asikilize na kusema: hili ni la kwetu. Nimewahi kukaa nayo saa nzima nikiyasikiliza moja baada ya jingine. Ni kazi isiyohitaji mahubiri.

Baada ya rejista ile, watu waligawanywa kwenye vijiji vilivyozunguka Freetown: Regent, Wellington, Hastings, Waterloo. Majina ya vijiji yanaonyesha ramani ilikuwa kichwani mwa nani. Mmisionari au mwajiri akampa kila mtu jina la kanisani na jina la ukoo, na katika kizazi kimoja tu mji mzima ukajaa akina Johnson, Macaulay, Williams na Cole. Watu wawili wenye jina moja la ukoo huenda hawakuwa na tone la damu ya pamoja. Mtafuta ukoo anayezoea kuunganisha watu kwa jina anakwama hapo hapo.

Wapo waliookoka na jina lao. Samuel Ajayi Crowther alikamatwa akiwa kijana huko Uyorubani, meli aliyokuwemo ikanaswa mwaka 1822, akalelewa Freetown, akawa mwanafunzi wa kwanza wa Chuo cha Fourah Bay mwaka 1827. Alilishika jina la Ajayi, akaandika kwa mkono wake alivyotekwa, na mwaka 1846, karibu miaka 25 tangu watenganishwe, akakutana tena na mama yake mzazi mjini Abeokuta. Lakini Crowther ni mmoja. Kuhusu Cole tunaambiwa tu kwamba alikuwa mjukuu wa mtumwa, na kwamba alilelewa na kasisi wa Kianglikana. Babu hana jina, hana kijiji, hana lugha. Mjukuu akaweza kusoma Kigiriki na Kilatini katika chuo cha watu wakubwa wa Uingereza, na bado kwenye mti wa ukoo wake mtu wa tatu kwenda juu ni kivuli.

Msomaji wa Unguja au Bagamoyo hahitaji kuelezwa jambo hili. Kuna koo zinazohesabu mababu kumi bila kumeza mate, na kuna nyingine zinafika jina la tatu, mzee anakohoa kidogo, halafu anauliza kama umeshakunywa chai. Kwa upande wa mama yangu sisi ni wa hizo za pili.

Turudi kwa Christian. Alifika Oxford mwaka 1873 akiwa na miaka 21, baada ya kupitia Fourah Bay. Hakuingia kwenye chuo chochote kati ya vyuo vinavyounda Oxford. Tangu 1868 chuo kikuu kilikuwa kimefungua mlango kwa wanafunzi wasio na chuo, wanaopanga chumba mjini na kuja kusikiliza mihadhara, kwa kuwa ilikuwa nafuu zaidi. Ndiyo njia aliyopita. Mwaka huo huo aliandikishwa pale kijana mwingine, Cecil Rhodes, na mwaka uliofuata Oscar Wilde. Watatu hao walikuwa wakipita barabara zile zile, na kwa hakika ni Cole aliyegeuziwa shingo zaidi. Mji wote ulimjua. Wachora vibonzo wa Oxford walimchora, na si kwa heshima. Kwenye sherehe za chuo wanafunzi walimpigia kelele za hongera ambazo ukizisoma leo huwezi kujua ni pongezi au ni dhihaka, pengine zote mbili kwa pamoja.

Alikuwa akiishi kwa posho ya mjomba wake. Mjomba alipofariki, posho ikakatika, naye akaanza kuwafundisha wanafunzi wengine kwa malipo ili wafaulu mtihani wa awali, na kufundisha muziki pia. Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari zake. Vijana wa Kiingereza waliosomeshwa tangu utotoni katika shule ghali walikuwa wakimlipa kijana wa Waterloo awapigie msasa Kilatini chao. Mwaka 1876 akapata shahada, daraja la nne. Wapo wanaolitaja daraja hilo kwa kumwonea huruma. Mimi naona mtu aliyekuwa akifanya vibarua viwili huku akisoma falsafa kwa Kigiriki hana deni kwa mtu. Mwaka 1877 University College ikampokea kama mmoja wao, na mkuu wa chuo hicho, George Bradley, alimsaidia kifedha.

Sasa angalieni jinsi karatasi zinavyofanya kazi. Mwanafunzi akiandikishwa Oxford, jina lake liliingia kwenye kitabu pamoja na umri, jina la baba na mahali alipotoka. Joseph Foster alikuja kuyachapa majina hayo yote katika mfululizo mkubwa wa vitabu, ambao mpaka leo ni kama msahafu kwa watafuta koo wa Kiingereza. Akiingia chama cha mawakili, anaandikwa tena. Akipewa uwakili, anaandikwa tena. Yaani kila alipopita kwenye mlango wenye mlinzi, tunamwona. Katikati ya mlango na mlango hatumwoni. Alipanga kwa nani? Alikuwa akila nini Jumapili? Nani alimwandikia barua kutoka Kissy au Waterloo kumwambia mjomba ameaga dunia? Maswali haya hayana safu kwenye rejista.

Sensa ya Uingereza nayo ina kichekesho chake. Ile ya Aprili 1881 inauliza jina, uhusiano na mkuu wa kaya, umri, kazi, mahali ulipozaliwa. Haina safu ya rangi, na haikuwa nayo mpaka 1991, zaidi ya miaka mia baadaye. Mtu mweusi aliyezaliwa Liverpool akaitwa John Davis amezama kwenye karatasi ile kama sukari kwenye chai. Ndiyo maana Waingereza wengi waliamini kwa miaka na miaka kwamba weusi waliwafikia na meli ya 1948. Cole angeonekana kwa safu moja tu, ya mahali pa kuzaliwa, na mtafiti asiyejua Sierra Leone ni nini angedhani ni mtoto wa afisa wa kikoloni.

Yeye mwenyewe hakutaka kuzama. Januari 1879 jeshi la Kiingereza lilipigwa vibaya na Wazulu pale Isandlwana, na Uingereza nzima ikachafukwa. Mwaka huo huo Cole akachapisha kijitabu kuhusu vita hivyo. Jina lake hakuliweka. Pale pa mwandishi kimeandikwa kwamba kimetungwa na mtu mweusi, mwenye B.A., wa University College, Oxford, na wa Inner Temple. Hebu fikirieni! Watu wa namna hiyo duniani mwaka 1879 walikuwa wangapi? Alificha jina alilopewa na wengine, akaweka wazi yale manne aliyoyachagua au kuyatolea jasho: rangi, shahada, chuo, chama cha mawakili. Kama mngeniuliza nani alikuwa Christian Cole, ningewapa ukurasa ule wa mbele na kunyamaza.

Inner Temple ni mojawapo ya vyama vinne vya London ambavyo bila kupitia kimojawapo huwi wakili wa kusimama mahakamani. Alikuwa ameshaingia mwaka huo wa 1879. Siku zile, pamoja na mitihani, mwanafunzi wa sheria alitakiwa kula chakula cha jioni ukumbini mara kadhaa kila muhula, kwa miaka, la sivyo hahesabiwi. Utaratibu wa ajabu, lakini una maana yake: wakubwa wale walitaka kukuona ukikaa mezani nao kabla hawajakupa joho. Mwaka 1883 akapewa.

Hapa niseme neno juu ya hili la "wa kwanza", kwa sababu waandishi wa habari tunalipenda mno. Cole hakuwa Mwafrika wa kwanza kupewa uwakili London. Mtu wa kwao, Samuel Lewis, mtoto wa mateka wa Kiyoruba waliookolewa, alipewa mwaka 1871 katika Middle Temple. Tofauti ni kwamba Lewis alipanda meli akarudi Freetown, akafungua ofisi, akatajirika, akawa meya, na mwaka 1896 malkia akampa cheo cha Sir. Cole alitaka kusimama mbele ya majaji wa Kiingereza, Uingereza kwenyewe. Akasimama, na hapo ndipo penye "wa kwanza" wake. Kazi hazikuja. Siku zile wakili wa aina yake hakuajiriwa na mteja moja kwa moja, alipewa kesi na mawakili wa maofisini, na hao walikuwa na vijana wao wa kuwapa. Unaweza kuwa na joho, wigi na Kigiriki chote, kama hakuna anayekuletea jalada huna kazi.

Ndipo akaja Unguja.

Kwa nini Unguja? Ramani ya kisheria ya wakati ule inaeleza sehemu kubwa ya jibu. Sultani alikuwa Barghash bin Said, na watu wake walihukumiwa na makadhi. Lakini balozi wa Uingereza, John Kirk, alikuwa na mahakama yake mwenyewe kwa ajili ya watu walio chini ya taji la Kiingereza, na hao hawakuwa Waingereza wachache wa pale tu. Wafanyabiashara wa Kihindi, waliokopesha nusu ya mji na kushika forodha, walihesabiwa humo. Madeni, rehani za mashamba ya karafuu, mirathi, mizigo iliyoharibika baharini: kesi zilikuwepo, na zilikuwa na fedha ndani yake. Sheria nyingi zilizotumika zilitoka India, na rufaa ilipelekwa Bombay. Kwa wakili mwenye karatasi za London na asiye na mteja London, palikuwa mahali pa kujaribu bahati.

Mahakama hiyo hiyo ya ubalozi ilikuwa na kazi nyingine. Majahazi yaliyokamatwa na watumwa yaliletwa mbele yake, yakasomewa hukumu, yakachomwa au kuvunjwa, na waliokuwemo wakatangazwa kuwa huru. Ni mahakama ya jamii ile ile iliyokuwa Freetown enzi za babu yake. Sijui alijisikiaje kuingia kwenye chumba kile, na sitamtungia. Ila najua nani walikuwa wakishushwa pale bandarini katika miaka hiyo.

Walikuwa watoto, wengi wao. Wamisionari wa UMCA waliwapokea, wasichana wakaenda Mbweni, wavulana Kiungani. Mmoja wao, Myao aliyetekwa akiwa mdogo, akabatizwa Cecil na kubaki na jina lake la Majaliwa, akawa mwaka 1890 padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Mwaka 1887 Arthur Madan, yule yule wa kamusi, alichapisha kitabu cha masimulizi yaliyoandikwa na wavulana wa Kiungani wenyewe: walikotoka, nani aliwauza, njia waliyopitishwa mpaka pwani. Miaka miwili tu baada ya kifo cha Cole. Yaani wakati wakili wa Waterloo anatembea Mji Mkongwe, maili chache nje ya mji kulikuwa na madarasa yenye watoto waliokuwa mahali pale pale babu yake alipokuwa, wamepewa majina mapya, wanajifunza kuandika. Tofauti ni kwamba hawa waliulizwa. Babu yake Cole, kama aliulizwa, alipimwa urefu.

Mwaka huo wa 1885 alikufa pia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa India akiwa mtoto, akarudi na jina la mji wa watu, kisha akawaongoza Burton, Speke na Stanley barani. Mwaka 1876, ule ule Cole alioshika shahada, Bombay alitunukiwa medali ya fedha na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Nawaweka pamoja kwa sababu mmoja kila mtu anamjua na mwingine hakuna. Bombay alibebwa na vitabu vya Wazungu aliowaongoza. Cole hakumwongoza Mzungu yeyote kwenda popote.

Na mji wenyewe ulikuwa na mambo yake. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash kumlazimisha aachie madai yake ya bara, baada ya Carl Peters kupita Usagara akikusanya alama za machifu. Katika zogo la namna hiyo, nani angekumbuka kuandika habari za wakili mgeni aliyekufa kwa ndui?

Ila mahakama huandika. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinahifadhi mafaili ya ubalozi wa Kiingereza, na wakili hawezi kutetea mtu bila kuacha sahihi mahali. Vilevile kuna upande wa wateja. Familia za wafanyabiashara wa zamani wa Unguja, Mombasa na Bombay huweka karatasi, hasa za deni na za nyumba, maana hujui lini utaulizwa. Hukumu ya ubalozi ya mwaka 1883, 1884 au 1885 ingekuwa kwa Kiingereza, pengine na maelezo ya Kigujarati pembeni, na muhuri wa ubalozi. Kama kwenu lipo kasha lenye karatasi za namna hiyo, fungueni kabla mchwa hawajatangulia, na mtazame chini, pale wakili anapoweka jina. Mnatafuta C. F. Cole.